Hajaniambia Nirudi

Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege, mimi Vénantie nimesafiri sana. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiamini watarudi baada ya mavuno. Walizikwa huko huko. Mimi ndiye niliyerudi, mwaka tisini na tano, nikiwa na mume, watoto wawili na sufuria nne. Tangu hapo, kwa miaka ishirini, nilivuka daraja na vitenge kichwani, asubuhi Bukavu, jioni nyumbani Kamembe, mpaka askari wa pande zote mbili wakawa wananiuliza habari za watoto kabla ya kuniuliza karatasi. Nimekwenda kisiwa cha Nkombo kwa mtumbwi nikatapika kwenda na kurudi. Nimekwenda Bugarama kununua mchele nikarudi nimeiva kwa joto. Watu wakiniambia kusafiri ni raha, nawaangalia tu.

Watoto wangu ndio hao wawili. Umurerwa yuko karibu, siku nyingine karibu mno. Anaishi nami, anauza nguo sokoni, na tangu goti langu la kushoto lianze ukorofi ananiamrisha kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Nalalamika, lakini kila nikisali namshukuru Mungu kwa ajili yake. Anastase yuko mbali, Ubelgiji, kwenye ghala moja la mizigo. Kila Jumapili baada ya misa simu inalia, na ni yeye. Katika miaka kumi na minane sidhani amekosa Jumapili tatu. Tumeongea juu ya kila kitu, bei ya maharage, theluji, meno ya mtoto wake. Jambo moja tu hatukuligusa, yeye wala mimi. Siku alipoondoka, sikumsindikiza.

Mtu wa kwingine anaweza kuuliza kosa liko wapi. Kwetu ni kosa kubwa. Mgeni akitoka nyumbani kwako unatoka naye, mnatembea, mnaongea, na wala huamui mwenyewe pa kuishia. Yeye ndiye anayesimama na kukuambia rudi sasa, umenifikisha. Hapo ndipo unarudi. Ukimwachia mlangoni ni kama umemwambia asije tena. Mimi nimewasindikiza hata wachuuzi walionipunja, nikiwatukana moyoni njia nzima. Mwanangu ndiye niliyemwachia mlangoni.

Nilikuwa na hasira. Rukundo, baba yao, alikufa mwezi wa nne. Mwezi wa nane kijana ananiambia anaacha ualimu kule Gitambi, kazi niliyomtafutia kwa miguu yangu mwenyewe, anakwenda Ulaya. Niliona nimefiwa na mume na mwana katika mwaka mmoja. Asubuhi ile nikajifungia jikoni, nikakaa nachambua maharage. Akaniaga kupitia mlangoni. Nikamjibu neno moja, nenda, kwa sauti ile ya kufukuzia kuku. Nikasikia miguu yake ikishuka kuelekea barabarani, pamoja na ya Umurerwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne na ndiye aliyembebea mfuko. Maharage niliyachambua yakaisha. Nikayamwaga tena kwenye ungo, nikaanza upya.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Anastase akaja. Alikuja na binti yake Isimbi, mwenye miaka kumi, kwa siku kumi na tano. Mke wake alinyimwa likizo, akanitumia sweta nene ambayo naivaa hata juani. Mimi na Isimbi tulielewana kwa Kifaransa changu cha sokoni na Kiswahili chake cha kwenye simu. Akaniita Tate, kama tulivyowaita bibi zetu Bukavu, na mara ya kwanza nilipolisikia kutoka mdomoni mwake ilinibidi nijifanye natafuta kitu chini ya kitanda. Siku ya kwanza alizitazama sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, nazo zikamtazama. Siku ya tatu alikuwa anazila na vichwa vyake.

Wageni hawakukauka. Kila aliyesikia Anastase amekuja alifika, akala, akaaga, nami nikatoka naye nikichechemea mpaka barabarani. Isimbi alikuwa ananitazama tu. Siku ya tisa, tukiwa mezani, akauliza kama hawa wageni wetu hawaijui njia. Tukacheka sana. Nikamweleza desturi yote, pamoja na lile neno ambalo mgeni ndiye mwenye kulisema. Akasikiliza vizuri, kisha akamgeukia baba yake na kumuuliza kama Tate alimsindikiza alipokwenda Ulaya, na walifika wapi.

Umurerwa akasema chakula kinapoa. Anastase akaweka kijiko chini. Hajawahi kujua kudanganya, huyo, hata alipokuwa anaiba sukari.

"Nilimungojaka Tate pale ku kona," akamwambia mtoto, taratibu, bila ubaya. "Basi ya kwanza ikapita, nikasema atakuya. Ya pili ikapita. Nikapanda ya mwisho, ya saa saba."

Kona hiyo haifiki hatua mia mbili kutoka jikoni kwangu. Ningetoka kumwaga maji tu, na nikainua uso, ningemwona. Kumbe wakati nasikia mabasi yakipiga honi na kusema moyoni haya, huyo amekwenda, yeye alikuwa amekaa juu ya mfuko wake anatazama njia ya nyumbani. Na Umurerwa alikuwa amekaa pembeni yake. Aliporudi mchana ule nilimgombeza kwa kuchelewa, akanyamaza. Akanyamaza miaka kumi na minane. Walikuwa wamekubaliana, wale wawili, nisiambiwe kamwe, kwa sababu nilikuwa nimefiwa na ingeniumiza. Watoto wangu wamenibeba muda wote huo na mimi nikidhani ndiye niliyewabeba.

Nikasema maharage yamezidi chumvi, nikatoka nje. Sikuwa nimekasirika. Niliona aibu, na aibu yangu hutoka na sauti ya hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu. Nimsindikize mwanangu kama inavyotakiwa, kwa miguu, mpaka yeye mwenyewe aseme rudi. Zilikuwa zimebaki siku sita, na mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne ambaye daktari amemkataza vilima. Kamembe hii, nionyeshe pasipo na kilima. Nikalikanda goti kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Walipokwenda Nkombo kuwaona binamu zangu nikakataa kwenda, nikasema mtumbwi unanitapisha. Kweli unanitapisha, lakini hasa nilikuwa nalitunza goti. Isimbi alirudi ananuka samaki na kung'aa kwa furaha, na mimi nilikuwa nimekaa siku nzima mguu juu ya kiti. Moyoni niliogopa. Niliogopa goti lisinifikishe hata kona, na nikishindwa safari hii, sitapata nyingine. Katika umri wangu mtu hahesabu tena miaka kumi na minane mingine.

Ndege ya Kigali ilikuwa ya saa tisa alasiri. Umurerwa alikuwa amepata gari, akapanga tuagane nyumbani, tupige picha, basi. Nikamwambia gari libebe mizigo na mtoto mpaka kiwanja cha ndege, na yeye aende nao. Mimi na Anastase tutatembea. Akanitajia daktari, akanitajia jua, mwisho akamgeukia kaka yake ili amkataze mama. Anastase akachukua kofia yake, akaja kusimama kando yangu. Saa nne kamili tukatoka.

Hatua mia mbili zile nilizihesabu moja moja. Tulipofika kona nikasimama.

"Hapa njo ulisimamaka?"

"Ni hapa, Maman."

"Unisamehe, mwana wangu. Baba yako alikufa nikakosa wa kukasirikia, nikakukasirikia weye."

Lori lilikuwa linapanda, akalisubiri lipite.

"Nilishakusamehe kabla basi ya mwisho ifike," akasema. "Nilikuwa nataka tu tutembee."

Nililia pale pale barabarani, mchana kweupe, na wanawake waliokuwa wanatoka sokoni wakapunguza mwendo ili waone vizuri. Nikafuta uso kwa kitenge. Kisha nikangoja. Kwa desturi ile kona ilitosha, hata mgeni mkubwa angesema rudi hapo. Anastase hakusema kitu. Akanipa mkono wake nishike, akaanza kutembea, na mimi nikamfuata.

Tukapita soko. Tukafika kwa Twahiru, fundi cherehani, jirani yetu tangu tuliporudi, anayeshonea barazani. Akatuletea benchi na maji. Aliposikia tunakwenda wapi, akalitazama goti langu, lililokuwa limeanza kufura, akamgeukia mwanangu.

"Anastase, ambia mama arudie. Ile goti haitafika ku kiwanja."

Anastase akamjibu kwa adabu zote kwamba bado hajafikishwa. Twahiru akaniangalia mimi. Nikainua mabega. Mimi si mwenye kusema, mwenye kusema ni mgeni. Twahiru anaijua desturi kama tunavyoijua, akarudi kwenye cherehani yake anatikisa kichwa. Nami nilifurahi kuliko nilivyoumia, na niliumia haswa.

Njia ambayo kijana anaitembea kwa dakika arobaini, sisi tuliitembea kwa saa mbili na nusu. Tulisimama kila penye kivuli. Nikamweleza jinsi baba yake alivyokufa, maneno ya mwisho, shuka aliyolazwa juu yake, vitu ambavyo huwezi kuviongea Jumapili kwenye simu huku vocha inakwisha. Naye akanieleza majira yake ya kwanza ya baridi, alivyokuwa anaweka sahani mbili mezani ili chumba kisionekane kitupu, na jinsi alivyongoja karatasi za kuishi kule mwaka baada ya mwaka, halafu zilipopatikana akaogopa kuja. Nikamuuliza alichoogopa. Akasema aliogopa kuja akaniona, kisha akaondoka tena na nisitoke jikoni. Umurerwa akapiga simu mara nne. Hatukupokea.

Kwenye geti la kiwanja tulimkuta amesimama na Isimbi, mdomo ameuvuta mpaka kwenye pua. Mlinzi, kijana mpole, akatuambia wasindikizaji mwisho ni hapo. Basi nikasimama. Isimbi akanikumbatia kiunoni, akakataa kuniachia mpaka alipobanduliwa. Anastase akanikumbatia kwa mtindo wa kwetu, mkono juu, mkono chini, muda mrefu. Nikangoja neno lake. Akachukua begi, akamshika mtoto mkono, wakaanza kwenda ndani.

Nikaona amesahau. Nikamwita.

"Anastase. Hauniambie nirudie?"

Akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa, mwanaume mzima na mvi zake mbili tatu.

"Hapana, Maman. Ile neno sitakuambia."

Wakaingia. Ndege ikapanda, ndogo tu, ikapinda juu ya ziwa ikaondoka. Umurerwa akanirudisha na gari, ananigombeza njia nzima, na tulipofika akapiga magoti kunikanda goti na maji ya chumvi, machozi yakimdondokea kwenye beseni. Nikamwambia asante kwa yale maji, na kwa mchana ule aliokaa pale kona pembeni ya kaka yake. Akasema nisimtie uchungu, ninyooshe mguu.

Jumapili Anastase akapiga simu. Wamefika salama, Isimbi anawaambia wenzake mtaani kwamba anaweza kula samaki na kichwa chake. Nikamuuliza tena kuhusu lile neno. Akaniuliza maharage yanauzwaje siku hizi.

Kwa desturi yetu, ambaye hajaambiwa rudi bado yuko njiani na mgeni wake. Basi nikiwa hapa kitandani na mguu wangu juu ya mto, niko njiani na mwanangu, na namshukuru Mungu, maana sikutegemea kupewa safari ndefu hivi na goti moja zima.