Shemeji Aliyeishi kwa Hewa

Mabasi ya hapa Toronto hupiga magoti. Dereva akiona kituoni kuna bibi mwenye mkongojo, hulishusha basi upande mmoja, nalo hutoa mlio mrefu wa hewa, tsss, kama mtu anayekaa chini baada ya safari. Nimeyapanda mabasi hayo miaka mingi. Lakini mlio ule ukinikuta sijajiandaa, nanusa jibini iliyoungua na vumbi la manyoya ya bandia, na namwona mama yangu ameshika kitambaa kibichi, anamfuta dubu meno.

Mama alifanya usafi katika mkahawa wa piza huko Mount Dennis, karibu na ghorofa tulilopanga. Mwenye mkahawa alikuwa Anko Nurdin, Mwismailia mzaliwa wa Mwanza, ambaye akikasirika alitukana kwa Kisukuma. Jukwaani, nyuma ya pazia jekundu, waliketi wanyama watatu wa mitambo: mbuzi mpiga kinanda, kuku mwimbaji ambaye mdomo wake ulichelewa nyuma ya sauti yake, na dubu mwenye kodiani. Dubu huyo Mama alimwita Shemeji kwa sababu ya tumbo lake, alilosema ni kama la kaka wa marehemu baba yetu, halikupungua wala kuzidi.

"Shemeji, umeamkaje? Mbona umenuna? Leo usinitie aibu mbele ya wageni."

Mdogo wangu Baraka aliona haya. Alimwambia Mama kwa Kiingereza kwamba dubu hasikii.

"Na wewe husikii," Mama akajibu, "na bado nasema nawe kila siku."

Anko Nurdin alipenda kutusimulia ujana wa wanyama wale. Waliletwa kutoka Marekani ndani ya masanduku ya mbao kabla mimi sijazaliwa, enzi ambazo mkahawa wa piza usio na wanyama wa kuimba ulikuwa kama harusi isiyo na ngoma.

"Piza inataka muda kuiva," alisema, "na mtoto muda hana. Basi watu wa Marekani wakasema, tumpe kitu cha kukodolea macho, baba yake apate kula kwa raha."

Familia zilipanga foleni hadi nje kwenye theluji. Halafu watoto wakapata michezo ya video, halafu wakapata simu, na fundi aliyeijua mitambo ile akazeeka akaondoka. Wanyama walikuwa watano. Mbweha na sungura walichinjwa ili hawa watatu wapate vipuri. Hilo ndilo neno alilotumia Anko, walichinjwa.

Chini ya jukwaa palikuwa na kompresa. Ikiwashwa, hewa ilipita katika mipira myembamba hadi kwenye viungo vyao, nao wakainua vichwa. Ikizimwa, hewa ilitoka, tsss, wakainama. Kope moja ya Shemeji ilikuwa mbovu, haikufunga. Mama aliisukuma taratibu kwa dole gumba na kusema, "Lala, Shemeji." Tumaini, binti kitinda mimba wetu wa miaka mitano, alisimama kando yake akiitikia, "Lala." Siku ya pili Anko alibonyeza swichi, na Shemeji akaamka.

Jumamosi asubuhi, kabla mkahawa haujafunguliwa, Mama alituchukua sote. Akishamaliza kudeki alimwita Anko. "Nurdin, wapigie watoto wimbo mmoja." Kisha aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, kitambaa mapajani, akawatazama wanyama wakiimbia viti vitupu. Wimbo ukiisha alisema, "Mmoja tena. Watoto wanapenda." Tumaini alipenda kweli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, Baraka kumi na mmoja, na nyimbo zile zilikuwa zimetuchosha siku nyingi. Tulidhani Mama ndiye azipendaye, ila anaona aibu kusema.

Jirani yetu, Mama Furaha kutoka Bukavu, alikuwa na presha na hakupenda kumeza dawa. Mama alimgombeza kila walipokutana kwenye lifti. "Mficha maradhi kifo humuumbua, dada," alimwambia, naye mwenyewe ameegemea ukuta.

Mwezi wa pili, katika baridi ile inayogandisha kope, Mama alianguka kwenye kituo cha basi. Daktari aliniambia moyo wake ulikuwa umedhoofika siku nyingi, na akashangaa kwamba hatukujua. Alipokata roho nilikuwa peke yangu naye. Jicho lake moja lilibaki nusu wazi. Nililifunga kwa dole gumba, taratibu, kama nilivyokuwa nimemwona akifanya.

Katika chumba cha kuagia maiti walikuwa wamempaka poda na rangi ya midomo ambayo hakuwahi kupaka akiwa hai. Nyuma ya jeneza palining'inia pazia jekundu. Tumaini alimtazama, akalitazama pazia, hakulia.

"Mama iko nalala tu, bebe," Mama Furaha alimwambia, akimfuta uso ambao haukuwa na machozi. Alisema kwa upendo. Kwetu sote mtoto mdogo haambiwi kifo. Huambiwa amelala, au amesafiri.

Tangu siku ile Tumaini akakataa kulala. Aliketi kitandani kwa Mama Furaha, aliyetuchukua kwake, akijifinya mikono ili macho yasifumbe, hadi mikono ikawa na alama. Chakula alikirudisha. Siku baada ya siku alikonda mbele yangu, na niliogopa tutamzika na yeye. Shule niliiacha, nikashika ufagio wa Mama mkahawani, na Tumaini nikawa natembea naye kila mahali kama mzigo wa mgongoni.

Asubuhi moja nikiwa nadeki, nilimkuta amesimama kwenye swichi ya jukwaa. Kwa kawaida alijibu kila kitu kwa Kiingereza. Siku hiyo aliuliza kwa Kiswahili.

"Dada, nani atamwasha Mama?"

Anko Nurdin alikuwa akipanga viti. Akanisogelea. "Mwambie amesafiri," akaninong'oneza. "Atakua, ataelewa."

"Anko, naomba umfungue Shemeji mgongo."

Alinitazama, kisha akaleta bisibisi. Manyoya yalipofunguka, ndani mlikuwa na vyuma na mipira. Niliushika mkono wa Tumaini nikauweka kwenye mpira mmoja, Anko akawasha, akazima.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Hewa."

"Na wewe yako inatoka wapi?"

Akagusa pua.

"Nani ameiwasha?"

Akafikiri. "Hakuna mtu."

"Basi ukilala inaendelea yenyewe, mpaka asubuhi. Hewa ya Mama imeisha. Mama hakulala, Tumaini. Mama amekufa. Hana swichi."

Akamgeukia Anko. "Hata wewe huna swichi yake?"

"Hata mimi sina, mama," Anko akasema.

Tumaini alimpiga Shemeji usoni kwa ngumi mbili hadi ile kope mbovu ikang'oka. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza, kilio cha mtu mzima, mpaka sauti ikakauka. Alilala kwenye benchi la wageni, koti langu juu yake, na mimi nikakaa kumwangalia kifua kikipanda na kushuka. Wateja walipofika, mtoto mmoja akauliza mbona pazia limefungwa. Anko akamjibu kwamba dubu ana msiba.

Mkahawa ulikuja kufungwa. Lori la vyuma chakavu liliwabeba wale watatu, wamelala chali kwenye theluji iliyoyeyuka. Baraka sasa yuko Brampton, kwenye maghala. Tumaini ni msichana mkubwa, na hadi leo hulala ameweka kiganja kifuani.

Juzi nikiwa natoka kazini North York, basi lilipiga magoti kwa mama mmoja mtu mzima. Hakupanda. Alishika nguzo ya kituo, akageukia dirisha la duka lililofungwa, akalitazama kana kwamba kuna kitu kizuri ndani. Mabega yake yalipanda na kushuka. Nikayajua mabega yale. Ndivyo yalivyokuwa ya Mama pale kwenye ngazi ya jukwaa, na wimbo mmoja haukumtosha kurudisha pumzi.

Dereva akaweka mkono kwenye kitufe cha kufunga mlango. Nikamwambia asubiri kidogo, anakuja.