Mamangu na Ukurasa wa Jiji

Mwaka ule ofisi yetu ya jiji ilipata nembo mpya, rangi mpya na kaulimbiu mpya, nami nikapata kazi mpya ya kuendesha kurasa zake za mitandaoni. Mkuu wangu alikuwa mtu wa bara, mtanashati, aliyetumia nusu ya umri wake kutengeneza matangazo ya sabuni. Alinipa agizo moja tu.

"Picha nzuri, maneno machache. Mtu akilalamika, futa. Malalamiko ni madoa."

Nikawa nafua. Asubuhi napandisha picha ya ufuo wa Shanzu, mchana nafuta mtu wa Changamwe anayeuliza habari za mtaro. Kazi haikuwa na uzito, na chai ya ofisini ilikuwa na maziwa.

Mambo yaliharibika kaka yangu alipomnunulia mama simu ya kisasa. Mama na mimi twakaa pamoja Mishomoroni, na kwa majivuno yangu nilimfungulia mwenyewe ukurasa wetu, aone kazi ya binti yake. Aliutazama, akasema mashaallah, akanirudishia simu nimwoneshe pa kuandikia. Nikamwonesha.

Siku ya pili nilipandisha picha ya mzunguko wa barabara uliopandwa maua. Chini yake, kabla ya mtu mwingine yeyote, pakatokea haya:

"Asalaam aleikum. Maua mazuri, Mungu ayakuze. Lakini taka za huku kwetu zimeziba ndiya ya kwenda msikitini. Zitazolewa lini? Na wewe, umekula?"

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamejaa pale. Wa Likoni wanaitikia salamu, wa Mtopanga wanasema hata kwao taka zimeziba njia, na mmoja ananihimiza nimjibu mama wa watu kama nimekula. Mkuu wangu akaja mbio na simu mkononi.

"Mfute huyu mama wa taka."

"Siwezi, bosi."

"Huwezi vipi? Bonyeza tu hapo."

"Ni mamangu."

Alinitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. "Mamako mzazi?"

"Mzazi."

Alirudi ofisini kwake akafunga mlango. Baada ya kitambo akachungulia. "Basi mjibu. Lakini kiofisi."

Nikamjibu kiofisi: "Mpendwa mteja, ahsante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako umepokelewa na unashughulikiwa."

Jioni nilipoingia nyumbani nilimkuta mama amekaa barazani, kanga mabegani, uso umekunjamana.

"Shikamoo mama."

"Mteja wako hajambo," akasema.

"Mama, ndivyo tunavyoandika."

"Nimekubeba tumboni, nimekulea kwa uji, leo wanita mteja mbele ya watu! Na salamu yangu hukuitikia. Kuitikia salamu ni wajibu, hata kama wewe ni serikali."

"Sasa kwa nini usiniulize hapa nyumbani? Si tunakaa pamoja?"

"Hapa wewe ni mwanangu. Nikikuuliza hapa utanambia umechoka. Kule ndiko kwenye kazi yako, na majirani wote waona kama umejibu au hukujibu."

Nilikwenda kuoga.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo, wallahi, halikuwahi kunipitia akilini tangu niajiriwe: nilishuka chini kwa watu wa taka nikawauliza. Wakanieleza bila kuficha kwamba lori la upande wetu limevunjika kipuri, na wanatarajia litoke gereji Alhamisi. Nikarudi juu nikaandika: "Waaleikum salaam, mama. Lori limevunjika. Tunatarajia lije Alhamisi inshallah. Nimekula, wali kwa mchuzi wa papa."

Mkuu aliposoma alijishika kichwa. "Umetangazia ulimwengu kwamba lori letu ni bovu!"

Tukakaa wote wawili tukingoja matusi. Hayakuja. Mtu wa Kisauni aliandika, "Afadhali tumeambiwa." Mwingine akauliza huyo papa nilimnunua wapi.

Alhamisi lori halikuja. Hapo nilitamani sana kupandisha picha ya ufuo nijifiche nyuma yake, lakini nilijua nitarudi nyumbani kwa nani. Nikaandika kwamba kipuri kimechelewa. Lilikuja Jumamosi, na mama akalipiga na kunitumia picha ambayo nusu yake ilikuwa kidole gumba chake. Mkuu alitaka kumtuma mpiga picha hodari arudie. Kisha akaitazama tena ile ya kidole, akacheka mpaka akavua miwani, akaniambia niipandishe hivyohivyo. Ila alisisitiza lazima mwenyewe aombwe ruhusa, na kwamba ataiomba yeye.

Basi alikuja Mishomoroni na viatu vyake vinavyong'aa. Mama alimpokea kwa mahamri na mbaazi za nazi, akakubali picha itumike, halafu, kabla mgeni hajamaliza kumeza, akamwambia kwamba lori wameliona na wanashukuru, sasa waelekee kwenye taa. Kichochoro cha nyuma ni giza tupu, wanawake wanajikwaa wakitoka darasani.

"Tutaziweka, mama, inshallah," mkuu akasema.

"Inshallah ya kweli, au ya ofisini?"

Mkuu akashusha hamri kwenye sahani. Nilimwona akitafuta maneno ya matangazo na kuyakosa.

"Ya kweli," akasema mwishowe. "Lakini siku siijui. Nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya."

"Basi andika hivyo kule kwenu," mama akamwambia, akimsogezea bakuli la mbaazi. "Watu si watoto."

Mkuu aliandika mwenyewe palepale barazani, mimi nikimsahihishia Kiswahili. Taa zilikuja baada ya Ramadhani. Moja inapepesa hadi leo, na mama ameshaiandikia kule ukurasani.