Hajra Anakwenda Brazili

Daraja la Mto Mpiji si refu. Gari likishaliingia, hujamaliza hata kushusha pumzi limeshatoka. Lakini Hajra, mshona kofia wa Bagamoyo, kila akienda Dar es Salaam hufumba macho pale, akayafumbua upande wa pili akiwa amelowa jasho viganjani. Basi mfikirie mtu huyo siku alipoambiwa aende Brazili.

Mwanawe Najim alikuwa baharia kwenye meli ya makontena. Walipokuwa bandari ya Santos aliteleza ngazini, paja likavunjika. Akapasuliwa, akatiwa vyuma, meli ikang'oa nanga ikamwacha hospitali peke yake, katika nchi ambayo hata maji ya kunywa aliyaomba kwa ishara. Wakala wa meli akapiga simu. Daktari hamruhusu kijana kusafiri bila mtu wa kumshika, na sasa ameacha kula. Aje mtu wa kwao. Tiketi na viza wangeshughulikia wao. Mtu wa kwao ni nani zaidi ya Hajra? Baba yake Najim, marehemu Mbaruku, bahari ilimchukua mtoto hajaota meno.

Hajra alianza kwa kuulizia meli. Kaka yake, Masoud, aliyefanya kazi kwenye injini za meli mpaka magoti yakamkatalia, akamweleza taratibu. Meli ya abiria kutoka Dar kwenda Brazili hakuna. Zipo za mizigo ambazo pengine huchukua abiria wawili watatu, lakini ingembidi aifuate Durban, azunguke ncha ya chini kabisa ya Afrika, ndipo aikate Atlantiki, wiki baada ya wiki, na huko Najim atakuwa amebaki mifupa. Ndege ndiyo njia. Unaweza kubadilishia Johannesburg, unaweza kupitia Doha kwa Waarabu, ila huko ni kwenda mbali ili urudi. Au Addis Ababa, kisha ndege moja hadi Sao Paulo, halafu gari kuteremka milima hadi Santos.

"Na hapo kati ya Addis na huko, chini kuna nini?" Hajra akauliza.

"Kwanza bara letu lote hili. Halafu maji."

"Maji kiasi gani?"

"Utakula, utalala, utaamka, utakula tena, bado maji," akasema Masoud, akidhani anamtuliza.

Siku hiyo hiyo kofia aliyokuwa akimshonea Najim ilipata doa la damu, kwa sindano iliyomwingia kidoleni, mtu ambaye aliweza kushona huku anasinzia.

Kwao msafiri haondoki hivi hivi. Hufukizwa ubani, husomewa Yasini, hupitishwa chini ya msahafu mlangoni, akatanguliza mguu wa kulia. Akishatoka, harudi. Kurudi ni mkosi, na Hajra alikuwa na sababu ya kuamini kuliko wengine. Siku ile ya mwisho Mbaruku alikwisha kuombewa dua, akarudi kuchukua kurunzi aliyoisahau. Hakuonekana tena. Bi Mwanajuma, mama yake Hajra, aliwasimulia majirani miaka yote hiyo: mkwe wangu alirudi nyuma.

Basi kwa hofu aliyokuwa nayo, Hajra alitaka dua iingie hadi kwenye pasipoti. Akaitia ndani ya mfuko wa kitambaa unaohifadhi msahafu. Asubuhi akasomewa, msahafu ukapitishwa juu ya kichwa chake ukiwa na mfuko wake, ukarudishwa kwenye rafu ya juu. Yeye akaingia garini na Masoud, hakutazama nyuma.

Walikuwa wamefika Mapinga alipoingiza mkono mkobani kuipapasa pasipoti, apate moyo kabla ya daraja. Akapapasa tena. Kisha akakumbuka. Ilipita juu ya kichwa chake mwenyewe, ikarudi rafuni pamoja na msahafu.

Masoud akapiga simu nyumbani. Bi Mwanajuma alikuwa peke yake, wasomaji wameshatawanyika, na miguu yake haimruhusu kuifikia rafu. Masoud akaanza kugeuza gari. Hajra akamshika mkono wa usukani.

"Kaka, usirudi. Nakuomba."

"Bila pasipoti utakwenda kuwapungia mkono wanaopanda. Najim anangoja, Hajra."

Njia nzima ya kurudi Hajra alikuwa akimwona Mbaruku anapinda kona ya nyumba na kurunzi mkononi. Alipofika kizingitini hakuvuka. Akasimama kama mgeni asiyekaribishwa.

"Ingia," akasema Bi Mwanajuma kutoka kitandani.

"Mama, mimi nimeshaondoka."

"Umeondoka na uko mlangoni? Ingia. Vua viatu, kaa."

"Na Mbaruku?"

"Mbaruku alipokea kurunzi dirishani akakimbia. Hakuketi. Alikwenda na safari iliyokatika. Wewe ukikaa, ile imeisha. Ukinyanyuka hapo unaanza nyingine."

Miaka yote hiyo Hajra hakuwahi kulisikia hilo la dirisha wala la kuketi. Akamtazama mama yake usoni, aone kama amelitunga sasa hivi. Bi Mwanajuma alikuwa amegeuka, anatafuta bilauri ya maji.

Hajra akavua viatu. Akakaa. Akayanywa maji yote. Masoud akatia udhu, akauteremsha msahafu, na safari hii Hajra alipita chini yake akiwa ameikumbatia pasipoti kifuani kama mtoto mchanga.

Pale Mpiji alifumba macho kama kawaida. Uwanjani walifika foleni inakaribia kwisha, na akiwa amesimama kwenye mkia wake simu ikalia. Najim, sauti nyembamba kama ya mgonjwa wa siku nyingi.

"Shikamoo mama. Umeondoka?"

"Marahaba baba. Nimeondoka," akasema Hajra, meno yakigongana. "Mara mbili. Sasa kula kitu, nisije nikakuta mifupa."

Foleni ikasogea, naye akasogea.