Siku Mjukuu Wangu Alimpenga Baba Yake Kamasi Mbele ya Wakubwa wa Elimu

Jameni, mmewahi kuona mtoto wa miaka minane akimgombeza baba yake mbele ya wakubwa?

Mimi nimeona. Na aliyegombezwa ni kijana wangu wa kuzaa, Urbanus, mchonga mawe, kifua kama mlango wa ghala.

Ilikuwa 2003, huku kwetu Kalama. Shule za msingi zilikuwa zimefanywa bure, kila mtoto mbio na sweta mpya. Mjukuu wangu naye akataka.

Alizaliwa na miguu migumu na ulimi wa polepole. Neno lake hutoka kama uji mzito kwenye chupa. Lakini likitoka, limetoka!

Tukampeleka mjini kupimwa. Afisa wa elimu aliyempima alikuwa kijana nadhifu, mgeni Ukambani.

"Huyu ni nani?" akamuuliza mtoto, kidole kikimwonyesha Urbanus.

"Mtoto... wangu."

"Na huyu?" Akanionyesha mimi.

"Kalondu."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Kalondu."

Kijana akafuta jasho. Akaamua papo hapo: huyu akili haiko sawa, apelekwe shule maalum ya bweni, huko mbali kupita Kithimani. Kabla tufungue mdomo, ameshaita mwingine.

Bweni! Mtoto ambaye hapati usingizi bila kushika sikio langu!

Mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa tayari kumpokea. Akatuambia, "Msilie hapa. Nendeni mkate rufaa."

Siku ya kikao nikambeba mjukuu mgongoni, kama kawaida. Urbanus akavaa suti yake ya harusi, vifungo vikakataa kukutana. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ndeti, Mkamba wa Katangi, miwani kwenye ncha ya pua, chai mbele yake, na yule afisa kando yake.

Urbanus alikuwa na mafua. Akasimama. "Waheshimiwa..."

Kamasi ikateremka.

"Wewe!" Kalondu mdogo akaita. "Njoo... hapa."

Lile jitu likapiga magoti. Mtoto akachomoa leso yangu, akamshika pua. "Penga! Tena! Si nilikuambia... uvae sweta?"

"Ndio, mwaitu," Urbanus akajibu. Yaani, ndio, mama yangu.

Afisa akaruka juu. "Si mmeona? Hata baba amechanganyikiwa!"

Mzee Ndeti akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai.

"Kijana, tulia. Huyu amepewa jina la nyanya yake. Kwa hivyo kwetu sisi, yeye ni mama ya baba yake. Mimi hapa niko na mama wa miaka minne. Jana amenichapa na mwiko eti sijamaliza sukuma wiki."

Afisa akakaa. Akaomba naye amiminiwe chai.

"Basi akili iko, tena ya kutuzidi," akasema Mzee Ndeti, akipangusa miwani. "Shida ni ule mlima wa kwenda shuleni. Atafikaje?"

"Nitambeba!" Niliruka mimi. "Mgongo huu umebeba maji, kuni na watoto saba!" Nikageuka wauone vizuri.

"Na yeye mwenyewe anataka nini?"

"Anataka—"

"Mama Urbanus. Sijakuuliza wewe."

Mtoto akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Nikang'ata kona ya leso nisimsaidie.

Muhuri uligongwa siku hiyo hiyo, apokewe shule ya hapa kwetu. Lakini nyinyi wenye watoto wa polepole, nisikieni mimi mzee. Mngojeni mtoto amalize maneno yake. Mimi nilipigana vita vizima kwa ajili ya mtu ambaye sikuwa nimemuuliza kitu, na kumbe alikuwa na lake moyoni.

"Nataka... shule ya hapa," akasema. "Lakini niende... na miguu yangu. Na fimbo. Nikichelewa... nichelewe tu."

Kisha akanitazama kwa huruma, vile mama hutazama mtoto anayejaribu.

"Mgongo wa nyanya... ni mifupa tupu."