Ukuta Nje ya Ukuta

Juzi huko Kawangware nilipita duka kuu la zamani likiongezwa ghorofa, wateja wakiendelea kununua chini. Harufu ya simiti mbichi na chapati ilinirudisha utotoni mtaani Gatwekera, kwa mama, aliyekuwa na hoteli ya kwanza kabisa ya njia yetu.

Fundi Wafula alikuwa akijenga ukuta wa mawe kuzunguka ule wa udongo wa hoteli, nasi tukipika ndani. Mama alikataa kufunga: wateja wakizoea chai ya jirani hawangerudi. Mimi niliona mawe yakiziba mwanga wa dirisha, nikajua tunazikwa.

"Tokeni! Tunafungiwa!" nilipiga kelele.

Wanaume watatu waliacha sahani zao za madondo, maharagwe ya mama, wakakimbilia nje.

"Atieno! Unanifukuzia wateja?" mama alifoka.

Wafula alicheka hadi mwiko ukamponyoka. "Rudini mkule, wasee. Mlango si huu hapa? Huo wa udongo tutaubomoa mkishashiba."

Walirudi. Jioni udongo ulianguka, na hoteli ikapanuka hatua mbili kila upande.

Leo nina diploma ya ujenzi, na nimepanua majengo Doha bila kufunga hata moja. Mafundi wengi hawawezi. Lakini kabla jiwe la kwanza halijawekwa, mimi huuliza mlango utakuwa wapi.