Chai ya Upande wa Pili wa Ukuta

Nakumbuka asubuhi moja pale Awendo, mwanangu, nikiwa kijana mwenye kazi, viatu vinavyong'aa, na imani kubwa mno katika macho yangu mwenyewe. Jana uliponionyesha picha za nyumba unayotaka kununua Homa Bay, nusu ya nyumba mbili zilizoungana, asubuhi hiyo ilinirudia yote. Hebu weka simu chini kidogo.

Nyumba niliyoitaka mimi ilikuwa ya namna hiyo hiyo: ya zamani, milango miwili, paa moja, na ukuta mmoja kati yako na jirani. Sikuitaka kwa fahari. Mama yangu alikuwa kijijini Magunga, kifua kikimbana kila msimu wa mvua, na hospitali iko mbali. Daktari alisema alale mahali pakavu, karibu na matibabu. Akiba yangu ilitosha kununua na kukarabati mara moja tu. Nikikosea, Mama angebaki alipo, na niliogopa kwamba masika mengine yangemchukua.

Nikaenda na fundi tukapima. Bati za kubadilisha, vioo, sakafu, nyaya za stima, choo. Nikajumlisha, nikaongeza kidogo kwa dharura kama mtu mwenye akili, nikajipongeza. Ukuta wa katikati haukuingia hata kwenye hesabu, maana ulikuwa umepakwa rangi mpya, laini kama uso wa bibi harusi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kijana mwenye haraka hasikii methali.

Kwa jirani sikuingia. Muuzaji alikuwa ameninong'oneza, "Huyo mama wa huko ni jasihoho, ana jicho mbaya. Ukikula kitu mbele yake, tumbo itakusumbua wiki mzima. Wewe msalimie tu kwa mbali." Nawe unajua watu wa kwetu tunavyoliogopa jicho la namna hiyo. Nilikuwa nimesoma, naam, lakini mlango wa jirani huyo, Min Akoth, yaani mama yake Akoth, nilikuwa nikiupita mbio mbio kama mdaiwa apitaye duka.

Asubuhi ya siku moja kabla ya kulipa nikamleta Mama aione. Kusema kweli nilimleta anisifu. Alitembea chumba hadi chumba, polepole, akasimama mbele ya ukuta ule na kuuwekea kiganja. "Hii ukuta iko baridi," akasema. "Upande ule kunakaa nani?" Nikamweleza habari za jasihoho kwa sauti ya chini.

Alinitazama hadi nikajiona mtoto wa chekechea. "Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "mtu akikukataza kuongea na jirani, jua jirani ana kitu ya kukuambia. Mimi nakula meza ya Bwana kila Jumapili, nitaogopa chai?" Akatoka, akabisha hodi.

Min Akoth alitukaribisha kwa furaha ya mtu aliyechoka kupitwa. Nikaketi, kikombe mkononi, nikainua macho, nikakirudisha kikombe mezani. Ukuta ule ule! Upande huu plasta ilikuwa imebambuka, ukungu mweusi umeshuka kutoka darini, na ufa wa kuingiza vidole.

"Mvua ikinyesha maji inateremka hapa," akasema Min Akoth. "Mbao ya huko juu ililiwa na mchwa. Huyo wako alipaka rangi juzi. Mimi siuzi, nitampakia nani? Na hii paa ni moja, kijana. Ukitoa bati yako peke yako, yangu itaning'inia."

Chumba nilichomtengea Mama kilikuwa hicho chenye ukuta huo. Ningemtoa Magunga nikamlaze kwenye unyevu, tena kwa pesa zangu mwenyewe. Kila mtoto wa shule anajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna aliyeniambia kwamba ufa huonekana vizuri upande wa asiyeuza.

Nyumba hatukuiacha. Muuzaji aliposikia tumekunywa chai kwa jirani, alishusha bei bila maneno mengi. Min Akoth naye akakubali tuchangie paa lote na ukuta, fundi mmoja, kazi moja. Karatasi ya makadirio yangu ya kwanza tuliiwashia jiko. Mama alihamia wakati wa kiangazi, kila kitu kimekauka.

Kila asubuhi aligonga ukuta kumsalimu mwenzake, na mwenzake akajibu. Asubuhi moja nikiwa kazini, ukuta haukugongwa. Min Akoth hakungoja. Alikuja akamkuta Mama amekosa pumzi, akamfikisha hospitali. Mama aliishi, mwanangu, hadi akakubeba wewe mgongoni. Yule niliyeambiwa atatudhuru kwa jicho lake ndiye aliyenirudishia mama yangu, na hadi leo nikimkumbuka naona aibu na shukrani kwa pamoja.

Basi hesabu yako nimeiona, na si mbaya. Lakini kabla hujalipa, kanywe chai kwa jirani. Utazame ukuta kwa upande wake. Muulize maji hupita wapi mvua ikinyesha, na kama yuko tayari mtengeneze paa pamoja, ndipo ujumlishe upya. Kuuliza si ujinga. Halafu weka kitu kando kwa yale ambayo hata yeye hajayaona, kwa sababu nyumba ya zamani haisemi yote siku ya kwanza.

Nenda salama. Mungu akupe paa lisilovuja, na jirani atakayesikia ukuta wako ukinyamaza.