Mlango Ndani ya Mizani

Mimi ndiye niliyesimama sokoni Kibaigwa nikasema umefungwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipanda juu ya gunia ili wanawake wa nyuma wanione, mtoto mgongoni, nikapaza sauti: "Mama zangu, mlango wa hii mizani nimeufunga mimi mwenyewe. Hakuna mtu atakayeingia humu ndani akawapunguzia." Wakapiga vigelegele. Kwa hiyo jambo liliponigeukia, sikuwa na wa kumsukumia.

Kibaigwa mahindi yalikuwa yanauzwa kwa gunia, na gunia la dalali si gunia, ni lumbesa. Wanajaza, wanashindilia kwa magoti, halafu wanashona kilemba juu yake, na mkulima analipwa gunia moja. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye lori ni mnunuzi na kila mwenye mdomo ni dalali. Kikundi cha wanawake wakulima kikasema basi, sisi tutauza kwa kilo. Wakaja Kizota, Dodoma mjini, kwenye karakana nilimokuwa nafanya kazi, wakaagiza mizani za kisasa.

Sisi tulitengeneza kisanduku cha kufunga kwenye mizani. Ndani yake mna kompyuta ndogo kama kiganja. Inasoma uzito, inauonyesha kwa tarakimu nyekundu, halafu inautuma kwa waya mpaka ofisi ya soko, wanakotoa risiti. Kompyuta ndogo kama ile haiwezi kubeba mfumo mzima wa kompyuta ya mezani. Inabidi uipikie wa kwake, mdogo, wenye vitu inavyohitaji tu. Mfumo wenyewe ni Linux, haununuliwi, ndiyo maana bosi aliupenda. Kijana mmoja aliyesoma chuo Dar es Salaam ndiye aliyetuwekea programu ya kupikia. Wote tulimwita Injinia.

Hiyo programu inakupa orodha ndefu. Unachokitaka unakiwekea nyota, usichokitaka unakiondolea nyota. Ukimaliza unatoa amri, yenyewe inachukua vipande, inaviunda kimoja kimoja, mwisho inakutolea faili moja. Faili unaliweka kwenye kadi, kadi unaichomeka kwenye kisanduku, kisanduku kinaamka. Mimi nina kidato cha nne na cheti cha kompyuta cha pale mjini, na kazi ya nyota nilikuwa naiweza. Nilitoka likizo ya uzazi bosi akiwa ameshaanza kusema mwanamke anayenyonyesha ana akili nusu. Alinirudisha kwa majaribio. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka na mimi sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kwenye orodha ile kulikuwa na kitu kimoja ambacho Injinia alikitumia wakati wa majaribio. Ni programu inayomruhusu mtu aliyekaa kwenye kompyuta nyingine aingie ndani ya kisanduku kupitia waya, bila kuulizwa neno la siri, na akishaingia anaweza kubadilisha chochote, hata kipimo. Tuliuita mlango. Kabla ya kuwapelekea wanawake mizani, niliambiwa niutoe. Nikaondoa nyota. Nikapika. Nikaenda Kibaigwa nikapanda juu ya gunia.

Msimu ulipochanganya, mwenyekiti wa wale wanawake akaja Kizota. Mama mfupi, mzito wa hatua, kanga mbili na raba za kiume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbukwa," akaongeza salamu ya kwao. Akakaa bila kukaribishwa. "Mwanangu, ule mlango ulisema umefungwa?"

"Umefungwa, mama."

"Basi karani wa ofisi ya soko anapita madirishani?"

Akanieleza. Karani wa soko, ambaye kila mtu anajua anakula na madalali, amekuwa akijigamba kwenye kibanda cha chai kwamba anaongea na mizani akiwa amekaa mezani kwake. Na mizani zimeanza kutofautiana. Gunia lililopimwa asubuhi nyumbani kwa mizani ya mkono, sokoni linapungua. "Wanaume wananicheka," akasema. "Wanasema, mlikataa lumbesa, sasa mnaliwa kwa umeme." Akaniangalia mimi na yule mtoto aliyekuwa amelala kwenye boksi la mabomba. "Wenzangu wanasema wewe umekula. Mimi nimekataa. Ila nimekuja kukuangalia usoni."

Alipoondoka nilichukua kisanduku kimojawapo cha akiba, kadi yake ile ile niliyoipika, nikakiunganisha kwa waya na kompyuta ya karakana, nikabisha hodi. Kikafunguka. Nikaingia ndani kama naingia jikoni kwangu.

Nikamwita bosi. Akatazama, akakuna kidevu, akasema taratibu kabisa, "Aliyepika ni nani?"

"Mimi, mzee."

"Basi binti, kalirekebishe kabla sijaulizwa. Nikiulizwa nitamtaja aliyepika."

Hapo ndipo nilipojua mambo yanakoelekea. Ningefukuzwa, na ningefukuzwa nikiwa mwizi wa wakulima, na mji huu si mkubwa kiasi hicho.

Nikaondoa nyota? Haikuwepo. Orodha ilionyesha mlango hautakiwi. Nikapika tena, nikabisha, ukafunguka. Kwa akili yangu, kitu kilichoondolewa kikirudi, kuna mtu amekirudisha. Na mtu mwenye uwezo huo alikuwa mmoja.

Kwanza, Injinia alikuwa na tabia ya kusema "niachie dakika mbili" kila nikimaliza kwenye ile kompyuta. Dakika mbili za nini? Pili, simu yake akiongea anatoka nje mpaka kwenye mbuyu wa watengeneza mageti, na akirudi anatabasamu. Tatu, viatu vipya. Nilivihesabia dhambi vile viatu.

Nikaanza kumtega. Siku moja nilichomoa kibodi kwenye kompyuta ili asiweze kuandika kitu nyuma yangu, nikaondoka nayo nyumbani, nimeiviringisha kwenye kanga ya mtoto. Mama yangu akauliza, "Hiyo nini tena?" Nikamwambia ni mali ya kazini. "Mali ya kazini inalala kitandani na mjukuu wangu?" Asubuhi nikafika wa kwanza, nikaichomeka, nikapika peke yangu, mlango wa karakana nimeukomea kwa ndani. Injinia anagonga nje, "Dada, kuna nini?" Nikabisha kisanduku. Kikafunguka.

Nikahamia kwenye sidii. Vipande vya kupikia vilikuwa vinatoka Dar kwenye sidii, anapewa kondakta wa basi, kwa sababu intaneti ya Dodoma ya siku zile ungeweza kuzeeka ukisubiri faili moja. Nikasema, basi amechomeka kitu humo humo. Nikazificha sidii zote kwenye pipa la misumari. Mtoto wangu alikuwa na homa ya meno wiki ile na mimi nazunguka karakana nanusa kama paka.

Mwisho nilichoka. Nilimkuta anakula muhogo wa kukaanga mlangoni, nikamsimamia mbele.

"Wanakulipa nini?"

"Nani?"

"Madalali. Unawarudishia mlango wanakulipa nini?"

Akacheka, akaona sicheki, akaacha. "Mama Kichanga, kwa hiyo kibodi ulikuwa nayo wewe?"

"Jibu nilichokuuliza."

"Keti."

"Sikai."

"Basi simama. Ukiondoa nyota unafikiri kinatokea nini?"

"Kitu kinatoka."

"Hakitoki. Nyota inaweka tu, haitoi." Akaniwekea kipande cha muhogo mkononi bila mimi kukubali. "Kila kinachoiva kinatiwa kwenye kapu moja. Lile faili la mwisho linatoka kwenye kapu, halitoki kwenye orodha. Mlango uliiva siku ya kwanza kabisa, nilipokuwa najaribu. Uko kapuni mpaka leo. Ukiondoa nyota, unachosema ni kwamba usiongeze mwingine. Mchuzi ukishatiwa chumvi, ukificha kopo la chumvi mchuzi haubadiliki."

"Unatolewaje?"

"Unamwaga kapu lote. Unafuta kila kitu, unapika upya tangu moto wa kwanza."

Nikageuka nikatazama ukutani juu ya kompyuta, ambako bosi alikuwa amebandika kwa maandishi mekundu MARUFUKU KUFUTA. Kila mmoja wetu alijua kwa nini. Mwaka ule bwawa la Mtera lilikuwa limebaki matope, umeme unakuja kwa zamu, na kupika upya kunakula kutwa nzima na zaidi. Umeme ukikatika katikati, huwezi hata kuamini kilichoiva na kilichobaki kibichi. Kwa hiyo sisi hatukufuta kamwe. Tulipika juu ya kiporo, juu ya kiporo, na tulijiona wajanja. Nadhani watu wa nchi yenye umeme wasingefanya kosa lile.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua, na ukaniacha nikapanda juu ya gunia."

Akaacha kutafuna. "Nilimwambia bosi kabla hamjaenda. Nilimwambia hivi hivi ninavyokwambia. Akasema wakulima hawatajua."

Sikumwamini. Mpaka leo simwamini sana. Lakini nilimwamini kiasi cha kumchukia mtu mwingine.

Bosi alikuwa ndani na mwenyekiti, aliyekuwa amerudi kuulizia. Mezani kulikuwa na visanduku vipya vya kupelekwa sokoni kesho yake. Bosi anamwambia, "Mama, vijana wamerekebisha, chukua hivi, vya zamani rudisha." Ndani ya vile vipya kulikuwa na kadi nilizopika mimi. Kapu lile lile.

"Havijarekebishwa," nikasema.

"Binti, nina mgeni."

"Vina mlango. Vyote. Na ulijua tangu mwanzo."

Akageuza uso polepole. "Sasa unafokea nani?"

Nilikwenda kwenye kompyuta. Amri ya kufuta ni maneno mawili mafupi, mtoto anaweza kuyaandika. Nikayaandika. Bosi alisikia vidole akapiga kelele, "Weee! Usiguse!" nami nikabonyeza. Kwa wale wasiojua, hakuna moshi wala mlio. Mistari michache inapita kwenye kioo, halafu kimya. Kazi ya miezi imekwisha, kapu jeupe.

Injinia alisimama mlangoni na muhogo wake, akasema chini kwa chini, "Mungu wangu."

Bosi aliniita majina ambayo sitayaandika. Alinifukuza hapo hapo, kwa kidole, mara kadhaa. Mwenyekiti alimwacha amalize, halafu akaniuliza mimi, "Sasa hivi ulichofanya ndiyo kufunga au ndiyo kuharibu?"

"Ndiyo kuanza kufunga, mama. Inabidi tupike upya bila umeme kukatika."

Akamgeukia bosi. "Ile jenereta pale nje ni pambo?"

"Mama, dizeli—"

"Dizeli itie. Mimi sichukui hivi. Na huyu usimfukuze, maana nikitoka hapa bila mizani natoka na maneno."

Ikatiwa. Tulipika mimi na Injinia, kila mmoja akimwangalia mwenzake vidole. Kila nyota tuliisoma kwa sauti. Kesho yake mchana faili likatoka. Nikabisha: kimya. Nikabisha tena: kimya. Nikamwambia Injinia abishe yeye, kwa njia anazozijua za chuoni. Akajaribu mpaka akatoa jasho. "Haufunguki," akasema. Nikamwambia aendelee kujaribu.

Kibaigwa safari hii sikupanda juu ya kitu chochote na sikuapa. Nilibadilisha kadi kwenye mizani, halafu nikamwambia mwenyekiti amlete karani. Wakamleta wanawake wanne wamemzunguka, yeye anacheka cheka. Tukaingia wote ofisini kwake, waya wa mizani unakoishia.

"Haya kaka," nikamwambia, "ongea na mizani yako."

"Ah, dada, mimi nilikuwa natania tu watu."

"Tania tena tuone."

Akajaribu. Vidole vyake vilijua njia, hakubabaika hata kidogo. Nilimtazama vile vidole nikajua ameshapita mle mara nyingi. Kisanduku kikamkataa. Akarudia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Kagonge kwa mamako," wakacheka wote mpaka nje.

Karani akakasirika, na mtu akikasirika husema. "Mnanicheka mimi? Mimi si nilifundishwa? Mzee wenu wa Kizota ndiye aliyenionyesha siku ya kufunga mizani. Aliniambia hiyo ni huduma kwa ofisi, mkitaka kurekebisha msisumbue mafundi."

Kicheko kikafa.

Siku ya kufunga mimi nilikuwepo. Wakati nimesimama juu ya gunia naapa, bosi alikuwa ndani ya ofisi ile, nikidhani anakunywa chai.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Alinishika kiwiko akanitoa nje, tukasimama kwenye kivuli cha lori. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama."

Akaniangalia usoni kama alivyoniangalia siku ile Kizota, muda mrefu, mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. Sijui aliona nini. "Rudi kazini," akasema. "Tumebakiza mizani nyingi za kuagiza, na wenzetu wa vijiji vingine wanataka. Nitamwambia yule mzee wako hatupokei isiyopita mkononi mwako. Akikufukuza, tunarudisha zote. Lakini mwanangu, kila mizani nitaigonga mwenyewe kwanza. Utanifundisha kugonga."

Nikamfundisha pale pale, kwa kompyuta ya karani, karani akiwa amesimama pembeni.

Bado nafanya kazi Kizota. Bosi ananipitia kila asubuhi, nampa shikamoo kwa sababu ni mkubwa, anaitika kwa sababu hana la kufanya. Kabla ya kila agizo nafuta kapu lote na jenereta inanguruma kutwa, na yeye anaisikiliza dizeli yake inavyokwisha. Ananiangalia mikono. Namwangalia mikono.